Karatasi Iliyokatwa Katika Kitabu cha Babu

Malindi, mtaa wa Shela
9 Mfungo Nane, 1331 Hijria

Mpendwa Shangazi Mize,

Nashika miguu yako. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko Unguja, wewe na Bwana Faki na mdogo wangu Time, ambaye nasikia ameshaota meno ya mbele na anamng'ata kila ambebaye. Kile kifua chako je, kimepoa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa Bibi. Miguu imemvimba tangu masika yaanze, na macho yake sasa hayawezi hata kutunga uzi sindanoni. Chakula anakula, na haipiti siku bila yeye kukutaja.

Kabla hujasoma zaidi, tafadhali utazame uzi niliofungia barua hii. Nimepiga mafundo matatu. Ukikuta mawili au manne, ujue kuna mtu ameisoma kabla yako, na mtu huyo nadhani namjua.

Unakikumbuka kitabu cha Babu, kile alichokiandika kwa mkono wake, dua na uzazi na harusi zote za nyumba hii? Mvua za kwanza zilipokuja tulikuta mchwa wamepanda ukutani mpaka kwenye kidaka chake. Wamekula jalada lote la ngozi na nyuzi za mgongoni. Karatasi hazikuguswa sana, lakini zilitoka mkononi moja moja. Bibi alilia kama aliyefiwa mara ya pili, akasema kitengenezwe kabla yeye hajafa.

Ami Msellem akajitolea kukipeleka kwa Gulamhussein, mwenye duka la vyuma pale sokoni, ambaye pia hufunga vitabu. Wewe unamjua Ami Msellem, binamu yake marehemu Baba, hajawahi kutuletea hata kuni. Nilishangaa. Nikashangaa zaidi nilipojua kwamba kitabu kilitoka kwetu Jumamosi na dukani kilifika Jumatatu. Kutoka kwetu mpaka sokoni ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Sasa nikueleze jambo ambalo huenda halijakufikia. Mzungu wa ardhi atakuja mwisho wa Mfungo Tisa kusikiliza kila mwenye shamba, na kila mtu aje na hati yake. Ami Msellem amekwisha kusema barazani kwamba shamba la Ganda ni la ukoo wake, kwamba Babu alimwacha Bibi akae tu kwa huruma. Humwita Bibi "yule Kadii", kwa jina lake la Kigiriama la kabla hajasilimu, kana kwamba jina alilopewa na mama yake ni tusi. Akilipata shamba, Bibi Kahonzi atafukuzwa kwanza. Huyo mdogo wake Bibi analima kule tangu mimi sijazaliwa, na mahindi yake sasa yananifika begani.

Sote tulijua kwamba Babu aliandika kitabuni kumpa Bibi shamba lile. Mashahidi wake wamekufa. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kulisoma neno lenyewe, kama vile mtu asivyokwenda kuhakikisha kwamba kisima chake kipo.

Nilikwenda na Mama kutazama kazi inavyoendelea. Gulamhussein alikuwa amezipanga karatasi juu ya mkeka, nami nikaomba nizikague. Chuoni tunakosoma Kurani tumefundishwa kunakili, na mwalimu wetu hutuamuru chini ya ukurasa, pembeni, tuandike neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mfungaji asichanganye karatasi. Babu alifanya hivyo kila mahali. Nikafuata neno kwa neno, mpaka nikafika paliposema, "Nimempa mke wangu, kwa hiari yangu na akili zangu timamu," na pale chini pembeni neno "shamba". Nikafunua. Ukurasa uliofuata ulianza kwa kuzaliwa kwako wewe, Shangazi.

Mimi, ambaye chuoni sithubutu kuomba wino, nilimwambia mzee wa watu mbele ya wateja wake kwamba amepoteza karatasi yetu.

"Binti," akasema, "mimi nashona vitabu, sivili. Wanaovila umewaacha nyumbani kwako."

Watu wakacheka, Mama akanifinya. Lakini Gulamhussein hakukasirika. Alinionyesha kipande chembamba kilichobaki penye mshono wa zamani. Karatasi ilikuwa imekatwa. "Tazama," akasema, akapunguza ukingo wa karatasi nyingine kwa kisu chake. Ulitoka mweupe. Ule wetu ulikuwa wa manjano kama jino la mzee. "Huu mkato una miaka. Na ni mkasi mdogo, umeuma kidogo kidogo. Mkasi wa mwanamke."

Kwa hiyo hakuwa Gulamhussein, wala Ami Msellem. Nadhani zile siku mbili Ami alikuwa akiitafuta karatasi hiyo hiyo, akakuta haipo, ndiyo maana siku hizi anatabasamu. Juzi alinikuta nasoma ukumbini akaniambia, "Somoe, hata bwana harusi utamsoma kutoka kulia kwenda kushoto?" Zamani hakuwa na mizaha nami.

Shangazi, sasa nakuomba radhi. Kwa siku nne nilikushuku wewe. Nilikuwa na miaka saba ulipoondoka, lakini nakumbuka asubuhi ile kitabu kilikuwa kimeshushwa kidakani, na mkasi wa Bibi wa kudarizia kofia ulikuwa juu ya kitanda, nawe ulikuwa unalia. Nikajiambia kwamba labda uliona Bibi akifa shamba litakwenda kwa Baba, ukaona uondoke na hati. Nilianza barua mbili za kukuuliza, nikazichana. Sikuweza kumwuliza Bibi. Niliogopa akijua kwamba kitabu kimekatwa, roho yake isingestahimili.

Jana nikashindwa. Nilikuwa namkanda miguu, nikamwuliza taratibu kama kuna mtu aliyewahi kukata karatasi katika kitabu cha Babu.

"Si mimi?" akasema, bila hata kugeuka. "Nilimkatia shangazi yako. Ile yenye duara jekundu."

Nikabaki nimeshika mguu wake.

"Babu yako alikuwa akifungua pale kila mtu wa nyumba hii akisafiri, anasoma, anampulizia. Mize anaolewa mbali, na babu yako keshakufa. Nani angemfungulia mwanangu? Nikaona dua iende naye. Nikampa fundi wa ngozi akaishonea hirizi. Kanda vizuri, mbona umeacha?"

"Na upande wa pili, Bibi, palikuwa na nini?"

"Maandishi tu."

Bibi hasomi, Shangazi. Aliijua dua kwa wekundu wa wino. Aliniambia kwa furaha kwamba hirizi ile ndiyo iliyokutoa salama ulipomzaa Time, na kwamba haitakiwi kufunguliwa. Nilisema ndiyo, nikaendelea kukanda.

Basi shamba la Ganda liko shingoni mwako, kama bado unaivaa. Ninalala na wasiwasi kwamba ngozi ilichakaa ukaitupa, au uliiloweka ukioga baharini, au umemvisha mwanao naye ana meno ya kung'ata.

Nakuomba usiifungue huko, na usimpe mtu yeyote ailete, hata akisema ametumwa nami. Ami Msellem ana marafiki katika kila chombo cha baharini. Njoo nayo mwenyewe kabla ya mwisho wa Mfungo Tisa. Namtaka Bibi aione ikifunguliwa kwa mkono wako, ukiwa mzima mbele yake, ajue kwamba dua ilifanya kazi yake mpaka mwisho na haikuvunjwa. Kisha mimi nitamsomea upande wa pili.

Barua hii inasafiri ndani ya jora la kitambaa la mpwa wake Gulamhussein. Mzee mwenyewe ndiye aliyenipa shauri hilo. Ninamwamini, isipokuwa sijamwambia umebeba nini.

Mama anakusalimu sana. Bibi Kahonzi anakusalimu na anasema ukija atakuchomea mahindi mabichi ya pale pale. Bibi anakuombea kila baada ya sala. Nisalimie Bwana Faki, na umbusu Time mbali na meno. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama, wewe na ulichokibeba.

Kitabu kimekwisha kurudi, kina jalada jipya jekundu. Mahali pa karatasi yako Gulamhussein hakukata uzi. Ameuacha ukining'inia, urefu wa kidole, akasema unaweza kungoja.

Mimi mwanao nikupendaye, niliyekushuku nikatubu,
Somoe