Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Jumamosi, 1 Agosti 1953
Miezi saba na siku nne tangu niondoke Ufipa. Leo tumeweka sururu chini saa nane mchana, tukaenda kwenye hesabu. Mwalimu Kulwa anatufundisha vibarua kila Jumamosi ndani ya ghala la saruji, hapa tunapojenga shule ya misheni, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Ametugawa makundi matatu. La chini wanajifunza kugawanya. La kati wanajifunza jiometri ya kamba na vigingi, bila maelezo: fanya hivi, utapata pembe mraba. La juu tuko wanne. Sisi tunaambiwa kwa nini, na tunafanya hesabu za herufi. Niliishia darasa la nne. Sikutegemea.

Jumatatu, 3 Agosti
Mgongo unauma. Mmoja wa kundi la juu ataandikiwa barua na Mwalimu aende kujifunza uashi. Nataka niwe mimi. Sitaki kuzeeka na sururu.

Yona wa Goweko, tunayelala naye banda moja, yuko kundi la kati. Mnyamwezi, mtani wangu. Ametangaza mbele ya watu kwamba Mfipa akipewa herufi atazipika na ugali wa ulezi. Nikamjibu kwamba babu zake walibeba mizigo hadi pwani bila kuuliza ndani mna nini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 5 Agosti
Tumepima chumba cha pili. Futikamba ilikuwa imekwenda mjini na lori, na nyapara hakutaka kusubiri. Tukatumia kamba ya mafundo ya pembetatu: tatu, nne, tano. Kwa mikono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama watu wanavyopima nguo. Nilifunga upande wa mikono mitatu na wa minne. Lengelenge likapasuka kiganjani. Nikamwambia Yona amalizie wa mitano. Akauliza kama aendelee kwa mkono wake au apime kwa wangu. Nikasema mkono ni mkono, fanya haraka.

Jua kali. Vumbi.

Jumanne, 11 Agosti
Ukuta ulifika magotini. Mwalimu amekuja na futikamba, akapima chumba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe hadi pembe kwa upande wa pili. Njia moja imezidi nyingine kwa futi nzima. Chumba kimelala upande. Nyapara akauliza nani alifunga kamba.

“Upande mrefu nilifunga mimi, bwana,” Yona akasema.

Akaniangalia. Nikatazama ndoo ya maji. Mchana kutwa tumebomoa.

Jumatano, 12 Agosti
Yona ametolewa kwenye masomo na kupelekwa kuvunja mawe. Amekula peke yake. Hajanitania tangu jana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Agosti
Kamba ilikuwa imetupwa nyuma ya ghala. Saa ya chakula nimeikagua fundo kwa fundo. Nafasi zangu saba ziko sawa. Tano za Yona zimepungua, kila moja kwa nusu ya upana wa kidole. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu. Basi.

Nimeandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mkono wangu ni m, wake ni y. Pande zangu mbili, miraba yake ukijumlisha ni ishirini na tano za m kwa m. Upande wake ni ishirini na tano za y kwa y. Haziwi sawa mpaka m na y ziwe sawa. Mwalimu alituonya siku ya kwanza kwamba herufi moja isimamie kitu kimoja tu. Alituonya sisi wanne. Kundi la kati hawakuambiwa. Na bado Yona aliuliza.

Naogopa kuikosa barua. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, si kingine.

Jumamosi, 15 Agosti
Kupalizwa kwa Bikira Maria. Hakuna kazi. Nilikwenda Misa, sikupokea komunyo. Baadaye nikamwamkia Mwalimu, nikampa karatasi, nikamweleza yote. Alisoma muda mrefu. Akasema hesabu ni sahihi.

“Yona alifundishwa kufunga,” akasema. “Wewe ulifundishwa kwa nini.”

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Jumatatu, 17 Agosti
Barua amepewa Mha mmoja wa kundi letu, mtu mtaratibu. Mimi niko kwenye mawe. Yona amerudishwa kwenye kamba. Kuanzia Jumamosi kundi la kati nao wataelezwa kwa nini.

Nilimwomba radhi bandani. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

“Ungesema palepale,” akasema.

Nimeumia kwa ajili ya barua na nimeumia kwa ajili yake, na ya kwanza ndiyo inayouma zaidi. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 23 Agosti
Nimefua mashati mawili. Upepo kidogo. Ukuta mpya wa chumba cha pili umepita magoti, na pembe zake zimenyooka. Nilikwenda kuutazama nikiwa peke yangu.

Nimemwandikia mke wangu. Habari za uashi sikuzigusa, kwa kuwa hakujua kama niliutaka. Nimemwambia afya ni nzuri, kazi inaendelea, mkataba unaisha mwisho wa Februari. Anitazamie katikati ya Machi, au siku chache baadaye mvua zikiwa nyingi.