Sifa Nilizokunyima

S.L.P. 318,
Voi.
4 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Daisy,

Hujambo huko Lodwar? Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, na yale mafua yaliyokushika wakati wa Pasaka yamekwisha. Ulisema huko maji ya bomba hutoka moto bila kuchemshwa. Je, umepata mtungi wa kuyapozea, au bado unayaacha yapoe kwenye ndoo kama ulivyonieleza?

Sisi huku tu salama. Mvua ya masika imetupa mgongo hapa Voi, lakini milimani wamevuna maharagwe kidogo. Mama yako Rachel goti limemtulia, anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Moyo wake haujatulia, na sababu yake ni mimi. Nitakueleza.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Ningepiga simu, ungeniambia upesi, “Hakuna shida, Mjomba,” kwa sababu ulilelewa vizuri, nami ningekata simu nikiwa nimesamehewa kabla hujaelewa umesamehe nini. Kwa hiyo soma polepole, na usinijibu siku hiyo hiyo.

Nianze na habari njema, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye mbaya. Binti yangu Alice ameposwa. Mchumba wake ni Austin Owino, kijana anayefanya kazi kwenye reli hapa Voi. Watu wake walikuja kutoka Bungoma Jumamosi ya tarehe 10 Mei, na kaka yangu Festus ndiye aliyesimama kuwa msemaji wetu.

Unaijua desturi ya ukoo wetu: mtoto wetu hatumsifu mbele ya wageni. Mwenyewe humshusha, sifa akawaachia majirani. Basi Festus akakohoa, akashika fimbo yake, akaanza.

“Wageni wetu, tusidanganyane. Huyu binti mnayemtaka ni mvivu. Ugali wake hauivi. Kuamka ni mpaka jua limchome. Mkimchukua, mmejitakia wenyewe.”

Sisi tukatikisa vichwa kwa kuridhika, maana alikuwa amesema vizuri sana. Upande wa pili wakatazamana. Mama mdogo wa Austin, anayeitwa Nasambu, aliweka kikombe chini.

“Sasa mzee, kama ni mbaya hivyo, sisi tumesafiri kutoka Bungoma kufuata nini? Si mngetupigia simu tu?”

“Mama, hii ni desturi yetu…”

“Desturi ya kutukana mtoto? Kwetu hata kuku tunamsifu kabla ya kumpeleka sokoni!”

Nyumba nzima ilicheka. Festus mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akawaeleza wageni maana yake, na mambo yakaendelea vizuri. Mimi nilianza kucheka pamoja nao, halafu nikaacha. Nilikuwa nimeikumbuka barua niliyoiandika kwa ajili yako.

Mwaka 2023, ulipoomba nafasi ya shahada ya uzamili katika saikolojia ya tiba, chuo kilitaka barua ya mtu aliyekusimamia kazini. Ulikuwa umejitolea miezi minane kwenye chumba cha ushauri nasaha cha shule niliyokuwa nikiiongoza kule Mwatate, kwa hiyo mtu huyo nilikuwa mimi. Niliandika, nikatia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi na kupiga muhuri wa shule juu ya mkunjo, kama walivyoagiza. Hukupata kuisoma. Uliibeba mwenyewe hadi Nairobi, umeizungushia leso isije ikakunjika.

Jumatatu baada ya ile posa niliitafuta nakala kwenye mafaili yangu. Unajua situpi karatasi. Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza, lakini maana yake kwa Kiswahili ni hii: “Ni mtoto mtiifu. Anajaribu. Bado ana mengi ya kujifunza, na huenda akawachosha mwanzoni. Nawaomba mmvumilie.” Mistari minne, na jina langu chini.

Kwa bahati Musyimi alikuwa Voi kuwaona wazazi wake. Nilimfundisha kuanzia kidato cha kwanza, na sasa anafundisha saikolojia katika chuo kikuu kingine, siyo kile ulichoomba. Nilimwalika chai, nikamwonyesha ile nakala huku nimelifunika jina lako kwa kidole gumba. Akaisoma mara mbili.

“Mwalimu, huyu mtoto alikukosea nini?”

“Hakunikosea kitu.”

“Basi kwa nini umewakataza watu wasimchukue?”

Akanieleza kwa upole, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza hesabu. Wanaopokea maombi husoma barua nyingi mno. Msimamizi akisema tu kwamba mtu “anajaribu”, wao huelewa kuwa kuna baya zaidi analolificha. Na nafasi za saikolojia ya tiba ni chache, kwa sababu kila mwanafunzi lazima afanye kazi hospitalini chini ya jicho la msimamizi, na wasimamizi hawatoshi. Wenye alama nzuri huwa ni wengi. Barua ndizo zinazowatenganisha.

Siwezi kuapa kwamba barua yangu peke yake ndiyo iliyokuangusha. Lakini ulikuwa na daraja la pili la juu, na hukuitwa hata kwenye mahojiano. Nilipomuuliza Musyimi waziwazi, alikoroga chai yake muda mrefu, kisha akaniuliza habari za mbuzi.

Nimejitafutia visingizio, na cha kwanza ni hiyo desturi. Hakitoshi. Mke wangu Rita alikivunja kwa swali moja. Alisema, “Baba Alice, miaka yote hiyo umewaandikia watoto wa watu barua, hata wale watoro uliwasifu. Huyu wako ndiye aliyekosa neno?”

Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nampendelea mtu wangu. Nilitaka wale wasomi waseme huyu mwalimu mkuu ni mwadilifu. Nilijitafutia heshima kwa kutoa kitu kisichokuwa changu. Tena kuna jingine ambalo sikumwambia hata Rita: moyoni sikuwa nimeamini kwamba saikolojia ni kazi. Nilitamani uwe mwalimu, na mtu asiyeamini safari humfungia msafiri mzigo ovyo.

Kisha ulipopiga simu kuniambia umekosa, nilikuhubiria. Nilisema Mungu hafungi mlango bure. Mlango huo, mwanangu, niliufunga mimi. Nikakutafutia kazi ya stoo ya misaada ya wakimbizi huko Lodwar kwa mwanafunzi wangu wa zamani, na kanisani nikajivuna kwamba nimekusaidia. Leo unahesabu mablanketi na sabuni, na Krismasi uliniandikia, “Labda mimi sikuumbiwa kazi ya kusikiliza watu, Mjomba.”

Sentensi hiyo ndiyo inayoniondolea amani. Nafasi ya chuo hupotea na kupatikana tena. Lakini wewe umeanza kujiona kwa macho ya barua ambayo hujawahi kuisoma.

Sasa nikuambie nilichokiona. Unamkumbuka yule msichana wa Makwasinyi, wa kidato cha pili, ambaye mama yake aliuawa na ndovu shambani? Alikuwa ameacha kusema darasani. Walimu walimbembeleza, wengine wakamwadhibu, mimi mwenyewe nikamwita ofisini nikamsomea Zaburi. Wewe hukumwita popote. Ulimwomba akusaidie kutengeneza vitabu vya maktaba vilivyochanika, mkawa mnakaa kila siku saa kumi jioni mnabandika majalada kwa kalenda kuukuu. Wiki tatu hukumuuliza chochote zaidi ya kwamba mkasi uko wapi.

Siku moja nilipita dirishani nikamsikia anaongea bila kukoma. Wewe ulikuwa umeishika brashi juu juu, na gundi imekauka. Sikuingia. Nilirudi ofisini, nikakaa. Nilijua nimeona ufundi, na kwamba si kila mtu anao. Ningeliandika hilo moja tu, lingetosha. Sikuliandika.

Kwa kuwa nimekupotezea miaka miwili, nimetumia wiki hizi kuuliza. Vumilia maelezo yangu, unajua ualimu haunitoki.

Shahada ya kwanza ya saikolojia ni kama mkonge uliokatwa shambani. Una thamani, lakini bado si kamba. Kwayo peke yake huwezi kujiita mwanasaikolojia na kufungua mlango wa kutibu watu. Lazima usome zaidi, ufanye mazoezi chini ya msimamizi, usajiliwe. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamesomea hewa, na sivyo.

Njia ya tiba ndiyo ndefu: miaka miwili au zaidi, wodini, kupima na kutibu maradhi ya akili. Ushauri nasaha una njia fupi kidogo. Ipo stashahada ya uzamili ya karibu mwaka mmoja, na vyuo vingine hufundisha jioni au kwa mtandao, kwa hiyo mtu husoma akiwa kazini. Musyimi anasema anayeanzia hapo anaweza baadaye kuendelea hadi uzamili, asijione amepotea.

Wapo pia wanaoingia ofisi za kuajiri na kutunza wafanyakazi. Zamani niliwadharau nikidhani kazi yao ni kuandika likizo. Nimeelezwa kwamba mtu anayejua kwa nini wafanyakazi wawili hawasemezani ana faida kubwa kuliko meneja. Idara ya probesheni, inayowasimamia wenye vifungo vya nje, na ile ya watoto nazo, zikitangaza nafasi, huwachukua wenye shahada kama yako bila kungoja uzamili. Na kuna utafiti, ukipenda takwimu. Najua hupendi. Niliziona alama zako.

Lakini lililonigusa zaidi ni la hapo hapo ulipo. Uliwahi kunieleza kwamba ofisi iliyopakana na stoo yenu ni ya wale wanaowasikiliza wakimbizi. Uliza kama wanachukua wasaidizi. Musyimi anasema kuna mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwenye shahada yako anaweza kuanza nayo chini ya wakubwa. Mkataba wako wa stoo unaisha mwisho wa mwezi huu. Kabla hujatia sahihi miaka mingine miwili ya mablanketi, vuka ule ukuta ukaulize.

Usiende kwenye tiba kwa sababu tu mimi nilikuzuia. Huenda miaka hii miwili imekubadilisha, ukataka kingine, na hiyo ni haki yako. Ila kama bado unaitaka, chuo kile kile kinapokea maombi hadi tarehe 30 Juni. Nimepiga simu mwenyewe kuhakikisha. Wanataka matokeo yako, maelezo yako binafsi na barua mbili. Aliyekosa mwaka ule haulizwi kwa nini anarudi.

Kuhusu barua, nimekwenda Mwatate kumwona Bi Nanzala, aliyekuwa mkuu wa ushauri nasaha shuleni ukiwa nasi. Yeye si ndugu yetu, na kazi yako aliiona kwa karibu kuliko mimi. Nilikiri yote mbele yake. Aliniangalia kama mtoto aliyekamatwa akiiba mtihani, kisha akasema, “Ungeniomba siku ile, ningeandika kurasa mbili.” Yuko tayari kuziandika sasa. Namba yake ni ile ile.

Yangu nimeiandika upya pia. Imo humu ndani, wazi, bila gundi. Nimeandika habari za msichana wa Makwasinyi, na nimetaja kwamba barua yangu ya mwaka 2023 haikukutendea haki na kosa ni langu. Itumie, au iache. Mwalimu wako wa chuo anaweza kuwa wa pili badala yangu, na huenda ndivyo itakavyokuwa bora. Mjomba hana haki ya kudai nafasi katika safari aliyoichelewesha.

Mama yako nilimweleza Jumapili baada ya ibada. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, “Kaka, nilikuwa nikiomba kila usiku kujua mwanangu alikosea wapi.” Tangu hapo hajanisemesha. Usimwombe anisamehe kwa ajili yangu. Ana haki yake, nawe una yako. Kama jibu lako ni kwamba hutaki kusikia sauti yangu kwa muda, andika hivyo hivyo, nami nitaisoma bila kujitetea.

Nakuomba msamaha, Daisy. Sikukosea kwa chuki, lakini ulikuwa umeniamini, na hilo huongeza kosa badala ya kulipunguza.

Rita anakusalimu sana, na Alice anasema harusi haitapangiwa siku mpaka ujue likizo yako. Festus anakusalimu pia. Ameapa hatamshusha tena mtoto yeyote mbele ya watu wa Bungoma. Mama yako amemwambia Rita kwamba atakupigia mwenyewe.

Mungu akulinde huko jua liliko kali, akupe watu wa kukutazama kwa haki. Tarehe 30 ikipita bila wewe kuomba, iwe ni kwa sababu umechagua jingine. Isiwe kwa sababu uliamini mistari minne ya mzee aliyeona haya kukusifu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na niliyekukosea,

Donald Mwakio.