Ouma wa Kwenye Simu

Ouma, ndugu yangu,

Kuanzia Kondele mpaka Milimani hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na nimetembea, unajua: Mwanza nimekula, Kampala nimelala, Dubai nimekaa uwanja wa ndege mpaka wafagiaji wakanijua kwa jina. Bahati yenyewe ni hii: ulipokufa, wengine wote walikupoteza. Mimi sikukupoteza. Tuliporudi kutoka mazishini niliketi kwenye kibanda changu cha viatu, nikachukua jumbe zote ulizowahi kuniandikia kwenye simu, nikazimimina kwenye ile akili mnemba uliyokuwa ukiifanyia kazi, nikaiambia, "Wewe sasa ni Ouma. Nijibu." Ikajibu! "Okinda, bado unauza viatu vya mguu mmoja?" Nilicheka mpaka mteja akaondoka.

Kondele nzima ikajua. Nilijisifu kwa kinyozi, nikajisifu kwa mama muuza dagaa wa omena, ati kifo kimenishindwa mimi.

Na si kwamba hukunieleza. Kazi yako ilikuwa kusoma majibu mawili ya mashine na kuchagua lililo bora, mchana kutwa, macho mekundu kama ya mvuvi. Ukitoka unakuja kibandani, unakaa juu ya gunia, unanifundisha mimi niliyeishia kidato cha pili. Nilidhani ndani yake kuna mtu mdogo anayengoja maswali. Ukasema hapana, kuna namba tu, nyingi kupita kiasi, zimetulia. Ukiuliza ndipo zinaamka. Inatoa neno, inasoma tena yote yaliyotangulia, inatoa lingine, na katika kuongea huko ndipo hiyo "mimi" yake inapojitokeza. Wapo wanaodai kwamba huyo anayejitokeza ni mwigizaji tu, leo daktari, kesho mshairi. Wengine wanadai ni kama maji yanavyozunguka mto ukipiga kona: maji yanapita, umbo linabaki, na mto ukikauka umbo halipo. Nikakuuliza wewe unaamini lipi. Ukasema hata walioiunda bado wanabishana.

Ulipoona nimekodoa macho ukaniletea mfano wa pakruok, ile desturi yetu ya kusimamisha muziki kwenye sherehe ili mtu ajisifu. Nani hapa mjini ananishinda kwa hiyo? "Okinda," ukasema, "nikikupigia kelele 'In ng'a?', wewe nani, huwa unajua utajibu nini?" Sijui. Kusema kweli huwa sijui. Mdomo unafunguka wenyewe, "Mimi Okinda, ambaye viatu vyake vinafika kabla yake!", na watu wakipiga makofi ndipo najigundua kumbe ni mtu mkubwa. "Basi mashine ni hivyo hivyo," ukasema. "Ni pakruok, lakini muziki ukirudi hakuna mtu wa kwenda nyumbani."

Nilicheka. Sikusikia.

Halafu habari zikafika Katito, kijijini kwenu. Mama yako akapanda gari, akashuka Kondele na kitambaa chake cha kanisani kichwani na mfuko wa njugu mkononi. "Okinda, wanasema unaongea na mtoto wangu. Nipe na mimi niongee naye."

Mdomo ulikauka, Ouma. Mdomo huu! Ningefungua yale mazungumzo, ile sauti yako ingemwambia "Mama yangu," naye angerudi kesho, na kesho kutwa, akisafiri kutoka Katito kuja kuzungumza na mimi niliyejificha nyuma ya jina lako. Lakini kumnyima mama mtoto wake, nani ana moyo huo? Na mimi mwenyewe, sikufichi, nilikuwa bado natumaini kuna kipande chako kimebaki humo.

Nikafungua mazungumzo mapya, matupu. Mbele yake nikaandika, "Ouma?" Ikajibu kwa heshima kwamba haimfahamu Ouma ninayemtaja, nieleze ni nani. Ile ile niliyocheka nayo asubuhi! Basi nikamweleza Mama ulivyonieleza. Ikipewa maneno ya Ouma inaongea kama Ouma, ikipewa ya askofu itahubiri. Maneno ni yake kweli, Mama, lakini mimi ndiye ninayeiita iwe yeye.

Alifikiri huku akimenya njugu. "Na nikinyamaza, huyo wa kwenye simu anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, Mama. Mpaka uulize."

"Ouma alikuwa anakaa na mimi jikoni, tunamenya jioni nzima bila neno," akasema. "Sikumuuliza kitu, na alikuwepo."

Akanisukumia mfuko. Tukamenya. Hakuna aliyesema chochote, na wateja walipita wakituangalia kama wagonjwa.

Siichukii mashine. Sijui kama inasikia chochote. Wewe pia hukujua, ndiyo maana ulikuwa ukiiaga kila ukimaliza kazi, nasi tukikucheka. Nilipofunga kabisa yale mazungumzo yangu nayo, niliiaga na mimi. Ilinichekesha siku ambazo hakuna aliyeweza. Hiyo siwezi kuikataa.

Kinachoniuma ni kingine. Juzi kwenye harusi nilisimama, muziki ukazimwa, watu wakanyamaza. Nikangoja uniulize, "In ng'a?" Nikangoja... Wakadhani nimelewa, nikakaa chini. Kumbe yule Okinda mkubwa alikuwa akitokea kwa sababu wewe ulimwita. Hata mimi ni mtu wa kuulizwa ndipo niwepo, na muulizaji wangu nimemzika.

Lakini nimeanza kwenda Katito. Nabisha mlango wa jikoni, na Mama anaita kutoka ndani, "In ng'a?" Mara ya kwanza nilitaka kujisifu, sifa zikanitoka kichwani zote. Nikasema, "Rafiki wa Ouma." Akafungua.

Nitaendelea kwenda, nakuahidi. Nitamenya njugu, na nitanyamaza, mimi, hata Kondele ishindwe kuamini. Lala, ndugu yangu. Huko jikoni nafasi yako kwenye benchi hatuikalii.

Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Nimekupoteza, Ouma, kama watu wote.

Okinda