Wazee Wawili, Vidonge na Mvua

Maman, jambo toka Bukavu!

Nilipeleka kwa munganga wa masikio ulizo lako: kati ya zile dawa mbili za masikio yenye kuvuma, ni gani inashinda. Pale nilikaa na wazee wawili wanaosikia kidogo, vichwa vyao vinavuma kama chako. Walikuwa wanalinganisha vidonge kwa kupaza sauti, kila mumoja na dawa yake kati ya zile mbili.

"Tangu umeze hizi, unasikia nini?"

"Nasikia njaa!"

"Nauliza masikio, muzee!"

"Kelele iko inalia tu ndani. Na yako?"

"Yangu pia."

Munganga akaniambia kati ya zile dawa mbili hajaona yenye kushinda ingine. Mara mvua ikapiga mabati, nguvu kabisa. Wazee wakatazamana, wakacheka: kelele ya ndani imepotea!

Maman, mvua ikinyesha pale Luvungi, yako pia inanyamaza? Niandikie. Mungu akunyeshee.

Mutoto wako,
Furaha