Klachi ya Joash

Peres, wacha kila kitu usome hii.

Ile pikipiki ya marehemu babake Joash, ya mwaka wa sabini na mbili, leo imenguruma tu bila kusonga. Kwa kale kamlima ka Kinoo, mama wa sukuma wiki amempita kwa miguu. Kwa miguu, Peres.

Bwana akaamua pleti za klachi zimeisha. Akafungua injini jikoni, akazipanga kwa sinia ya chapati ya mkewe Rael. Rael kuuliza, akaambiwa, "Mama Were, hii ni mambo ya mafundi."

Mambo ya mafundi. Kwa sinia ya chapati.

Jirani yao Gurdeep, fundi mstaafu, akaingia na kikombe chake cha chai. Akaona pleti ni nzima. Akashika waya ya klachi, imekazwa kama kamba ya kuanika nguo. "Nani alikaza hii? Lazima ilegee kidogo, ndiyo klachi ishike."

Joash akaanza kurudisha pleti kwa injini. Yeye ndiye huikaza kila Jumamosi, eti waya ikilegea ni uzembe.

Rael akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakumbuka. Jumamosi Joash alimkazia pasta waya ya pikipiki yake pia, bure, kama sadaka. Na pasta saa hii ako njiani kufungisha harusi Limuru.

Simu ya Joash inalia. Hakuna mtu anaishika.