Watatu wa Tarehe Mosi Januari

Jumamosi, Septemba 1999

Manyunyu tangu alfajiri, na upepo ule wa Septemba unaopindua miavuli. Nimerudi chumbani kwangu, mtaa wa Glenwood, huku ugenini kusini, viatu vina tope la uwanjani. Nina hasira.

Miaka yote ya ualimu nimesifu subira. Niliwafundisha wanafunzi wahesabu hadi kumi kabla ya kujibu. Leo nimehesabu sijui mara ngapi, na kila nikifika kumi hasira naikuta palepale.

Nieleze kwa utaratibu, labda nitatulia.

Chuo ninapofundisha hesabu za jioni kina timu ya mpira. Kocha wa zamani alistaafu Desemba, na Februari akaja huyu mpya, mtu wa makamo, nadhifu, faili kwapani na filimbi shingoni. Nakiri nilimpenda. Alihamishia mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, akapiga marufuku soda, na timu iliyozoea kushika mkia ikapanda hadi kuongoza ligi. Yeye alijisifia washambuliaji wake. Mimi, ninayewabebea maji na kutunza daftari la mahudhurio, niliona jambo jingine: tulikuwa hatufungwi. Na hatukufungwa kwa sababu nyuma walisimama vijana watatu kutoka Kongo, wakiongozwa na Espoir, beki wa kati, mrefu, mpole, asiyepiga kelele ila mpira unapokuwa kwenye boksi letu.

Espoir anasomea umeme. Halipi ada maadamu yumo kwenye timu. Ndivyo chuo kilivyokubaliana na wachezaji wake. Akitolewa kwenye timu ametolewa chuoni, na atarudi kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, kule nilikomfahamu.

Alhamisi kocha alikusanya nakala za vitambulisho kwa ajili ya mashindano ya mwisho wa msimu, ambayo yana kikomo cha umri. Akaona kwamba kwenye vibali vya ukimbizi vya wale watatu miaka ya kuzaliwa inatofautiana, lakini siku ni hiyo hiyo moja. Tarehe mosi Januari.

Alhamisi hakusema kitu. Ijumaa pia hakusema. Alingoja leo, dakika chache kabla ya mechi, akawasimamisha mbele ya wenzao.

"Mama watatu, siku moja!" alisema. "Eish, wakunga wa huko walipata taabu."

Wachezaji wakacheka. Mmoja akaanzisha wimbo wa siku ya kuzaliwa na wengine wakaupokea kwa makofi. Kisha kocha akasema hawa ni wababa wenye watoto wao, wamedanganya umri, wavue jezi. Wakavua pale pale kwenye manyunyu, timu ya wageni ikitazama.

Tumefungwa matano kwa moja, tena nyumbani. Bao la tatu lilipoingia nilifurahi. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya mechi nilimfuata kocha. Nilimweleza kwa sauti yangu ya darasani kwamba watu wengi waliokimbia vita hufika bila cheti, na asiyeijua siku yake huandikiwa siku ya kwanza ya mwaka. Huo si ulaghai, ni mazoea ya ofisini. Hata mimi nilipokuwa mwalimu mkuu kwetu Tanzania niliandikisha watoto wengi namna hiyo.

Alinisikiliza huku akifunga mfuko wa mipira. Halafu akauliza, "Nani aliwajazia fomu?"

"Mimi."

Ni kweli. Fomu zilikuwa za Kiingereza, wao wanajua Kifaransa na Kiswahili, na kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi mwenye kalamu nilikuwa mimi.

"Basi, Mwalimu, umenisaidia sana," akasema. Jumatatu anapeleka barua kwa mkuu wa chuo: watatu waondolewe, na jina langu liandikwe kuwa ndimi niliyewatungia umri. "Kama siku ni ya kubuni, mwaka niuamini kwa nini?"

Swali lake lina mantiki, na hilo ndilo linalonichoma. Angeniuliza Alhamisi, ofisini kwake, mlango umefungwa, ningemjibu kwa heshima zote. Alitaka kwanza watu wacheke.

Espoir alikuwa akinisubiri getini, amelowa. Nikamwambia asihofu, nitamweleza mkuu kwamba hakuijua siku yake.

Akainamisha kichwa. "Papa, miye niliijua."

"Uliijua nini?"

"Siku yangu. Iko kumi na mbili, mwezi wa sita. Hata kwa parokia Bukavu iko ndani ya kitabu cha ubatizo, na mwaka wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaandika, Papa. Ningekusahihisha namna gani, mbele ya watu wote wale?"

Nilimwambia aende akabadilishe nguo.

Naikumbuka siku ile. Karani alikuwa akigonga meza, watu wanatusukuma kwa nyuma. Wenzake wawili walisema hawajui siku zao, nami nikaijaza fomu ya tatu bila kuinua macho. Kijana aliona mzee mwenye mvi anamsaidia bure, akafunga mdomo kama alivyolelewa. Tangu hapo kila mwaka mpya nawanunulia keki moja, nawaita wote watatu hapa chumbani na kuwapigia makofi. Mara mbili Espoir ameila keki hiyo na kunishukuru.

Sasa nina watu wawili wa kuwakasirikia.

Kosa langu halimsafishi kocha. Aliyewavua vijana nguo mbele ya wageni ni yeye. Lakini siwezi kuingia kwa mkuu nikahubiri habari za mazoea ya ofisini, ilhali kuna kitabu Bukavu chenye siku na mwaka wa Espoir, na kosa pekee ni la mkono wangu. Kesho nakwenda kituo cha polisi kuapa kwa maandishi kwamba niliandika bila kuuliza. Karatasi hiyo nitaifikisha kwa mkuu kabla ya barua ya kocha, na nitaomba muda wa kuandikia parokia. Wakinifukuza, wanifukuze.

Linalonisumbua ni wale wawili wengine. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka sauti zao wakisema hawajui. Sizipati. Ninachokumbuka ni mwandiko wangu tu.

Je, walisema?