Katuni Saa ya Magharibi

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imefika hapa Barani, na shikamoo yako nimeipokea: marahaba. Sisi sote wazima. Babako amemaliza kuezeka jiko, na paka wako amezaa tena.

Waniuliza ufanye nini, maana mkuu mpya wa kituo chenu cha televisheni ameihamisha saa ya katuni unayoichora, bila kumuuliza mtu. Nimekumbuka tu jambo la miaka ya themanini, babako akiwa mdogo.

Watoto wa mtaa wakitoka chuo cha Kurani alasiri, walijaa sebuleni kwangu kutazama katuni. Kisha wakubwa wa televisheni huko Nairobi wakaisogeza hadi Magharibi. Hapa kwetu ikiadhiniwa Magharibi, televisheni huzimwa. Sidhani kama walilijua hilo.

Kadzo, binti wa jirani yetu Mgiriama, alikuwa Mkristo, na kwao palikuwa na televisheni ndogo. Yeye aliendelea kutazama, na kesho yake aliwahadithia wenziwe barazani kwangu, kwa mikono na sauti zote. Aliposahau, aliongeza yake.

Baadaye wakuu wakabadilishwa, na katuni ikarudi alasiri. Watoto wakajaa tena sebuleni. Katuni haijaisha, babako akaja jikoni amenuna.

“Mama,” akasema, “hawa wa televisheni hawaijui hadithi. Mwite Kadzo.”

Nyanya yako,
Mwanaisha